Mfuniko wa mashua uliochakaa: Usisubiri mtoto aukanyage

Mtoto wa miaka saba akipanda kwenye sitaha ya mashua, mfuniko wa plastiki ulio katikati ya njia huuona kama mahali pa kukanyaga. Hupita juu yake akikimbilia mbele kuangalia nanga, hukaa juu yake akila embe, na mwenzake akiwa chumbani chini humgongea kwa kisigino ili wacheke wakitazamana kupitia plastiki.

Mzazi naye huuona mfuniko huo kila safari bila kuutilia maanani. Umepauka na una mistari myembamba kama nywele, lakini bado unapitisha mwanga na bado unafungwa. Basi ukarabati wake huahirishwa. Leo ni injini, kesho ni tanga, keshokutwa ni ada ya shule.

Hatari iko hapo. Katika mashua za matanga za zamani, bamba hilo la plastiki ni sakafu kwa aliye juu na ni paa kwa aliyelala chini. Mara nyingi pia ndiyo njia ya pili ya kutokea endapo chumba kitajaa moshi au maji. Likichoka, kazi zote tatu huharibika kwa pamoja, na mtoto ndiye huwa wa kwanza kuumia.

Mashua za aina hii zipo Kilifi, Mtwapa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Mwili wake ni wa faiba, na baadhi zilijengwa miaka ya 1970 na 1980. Ziko za familia, ziko zinazokodishwa kwa matembezi ya mwisho wa wiki, na ziko ambazo baharia hulala humo, wakati mwingine akiwa na mkewe na watoto. Suala hili linawahusu wote, hata mzazi anayepanda mashua mara moja kwa mwaka kwenda Bongoyo au Mbudya.

Kwa nini plastiki huchoka

Mabamba mengi ya mifuniko hiyo ni ya akriliki, plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ambayo iliingia sokoni miaka ya 1930 kwa majina kama Plexiglas na Perspex. Akriliki huvumilia jua kuliko plastiki nyingi, ndiyo maana watengenezaji wa mashua huipenda. Hata hivyo, haidumu milele.

Jua la kila siku, joto, uzito wa watu na kemikali hufungua nyufa ndogo sana kwenye uso wake. Mwanzoni huonekana tu bamba likitazamwa kwa pembeni jua likiwa limeinama. Baadaye husambaa kama utando wa buibui, hasa kuzunguka matundu ya skrubu, kitasa na bawaba. Katika jua la kitropiki, bamba lililofikisha miaka 10 hadi 15 linastahili kuchunguzwa kwa makini kila msimu.

Kila ufa ni mwanzo wa mpasuko. Akriliki iliyochoka haipindi kwanza ili kumpa mtu tahadhari. Huvunjika ghafla, na vipande vyake vina makali ya kukata mguu. Bamba lililombeba baba wa kilo 80 mwaka jana linaweza kuvunjika leo chini ya mtoto wa kilo 25 akiruka kutoka kwenye mlingoti, kwa sababu kuruka huongeza nguvu kubwa kuliko kusimama.

Baadhi ya madhara huletwa na usafi wenyewe. Tina, petroli, asetoni na dawa za kusafishia vioo zenye amonia hushambulia akriliki na kuongeza nyufa. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu yenye DEET nayo huharibu baadhi ya plastiki, hivyo mkono uliotoka kupaka dawa hiyo usishike bamba kabla ya kunawa. Maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha.

Uchunguzi wa dakika kumi

Mzazi hahitaji kuwa fundi ili kujua hali ya mfuniko wa mashua yake. Anachohitaji ni mwanga wa asubuhi au jioni, ndoo ya maji, na kipande cha chaki kutoka kwenye begi la shule la mtoto.

Kwanza, aangalie bamba kwa pembeni dhidi ya jua. Mikwaruzo iliyo juu tu, isiyoshika ukucha, ni suala la sura. Nyufa zilizoingia ndani, zinazometa zikigeuzwa kwenye mwanga, ni suala la nguvu. Polishi huondoa mikwaruzo, lakini haiondoi nyufa zilizozama.

Pili, abonyeze kwa kiganja katikati ya bamba, mfuniko ukiwa umefungwa. Asiusimamie. Sauti ya kukatika, au bamba kucheza ndani ya fremu, ni ishara kwamba gundi imeachia.

Tatu, apake chaki kwenye ukingo wa fremu ya chini, pale raba inapogusa, kisha afunge na kufungua. Chaki ikiacha mstari kamili kwenye raba, mfuniko unakaa sawa. Mstari ukikatika mahali, hapo ndipo maji yanapopita, na huenda kinachohitajika ni raba mpya au kurekebisha bawaba, bila kubadili bamba.

Nne, amwage maji polepole kuzunguka bamba huku mtu mwingine akitazama kwa chini akiwa na tochi. Maji yakitokea kati ya plastiki na alumini, gundi imechoka. Yakitokea kati ya fremu na sitaha, tatizo liko kwenye msingi wa fremu nzima, na kazi yake ni kubwa zaidi.

Tano, na hili husahaulika sana, aingie chumbani, afunge mfuniko na kujaribu kuufungua kutoka ndani kwa mkono mmoja gizani. Ukikataa, basi chumba hicho hakina mlango wa pili, hata kama mchoro wa mashua unaonyesha kwamba upo.

Godoro lisilokauka

Mfuniko unaovuja huanza kuleta madhara muda mrefu kabla ya kuvunjika. Maji ya bahari yakidondokea godoro, chumvi hubaki ndani ya sponji hata baada ya kuanikwa. Chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo godoro ambalo mchana lilikuwa kavu huwa na ubaridi tena usiku. Dawa yake ni kulisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kulianika juani mpaka likauke kabisa.

Bila hivyo, ukungu huota kwenye kitambaa, nyuma ya mbao na kwenye pembe zisizopata hewa. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, lilieleza kuwa watu wanaoishi katika majengo yenye unyevu na ukungu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata matatizo ya kupumua na pumu. Chumba cha mashua ni kidogo kuliko chumba chochote cha nyumba, na mtoto hulala uso wake ukiwa karibu na godoro na ukuta.

Mzazi anayegundua kwamba mtoto hukohoa, hupiga chafya au hubanwa kifua kila wanapolala kwenye mashua, kisha hupata nafuu wakirudi nyumbani, asikimbilie kulaumu upepo wa bahari. Amwone daktari, na pia ainue godoro atazame chini yake.

Kuziba ovyo kunavyoleta hatari nyingine

Familia nyingi hupambana na uvujaji kwa njia ya haraka: tepu pana, turubai lililofungwa kwa kamba, au silikoni iliyopakwa kuzunguka mfuniko mpaka usifunguke tena. Wengine huupigia skrubu kutoka juu. Maji huacha kuingia, na kila mtu hulala vizuri usiku wa kwanza.

Lakini mfuniko huo ndio uliokuwa ukitoa hewa chafu na joto. Ukizibwa, mvuke wa kupikia na pumzi za watu wanne hubaki ndani na kuongeza ukungu uleule uliokuwa ukikimbiwa. Jiko la gesi likiwaka katika chumba kisicho na hewa ya kutosha, au jenereta ikiunguruma nje karibu na mlango, kaboni monoksaidi inaweza kujikusanya ndani.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na mara nyingi huwapata watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja bila homa. Wazazi wanaweza kudhani ni kuchafukwa na bahari au chakula kibaya. Watoto hupumua kwa kasi kuliko watu wazima, kwa hiyo huathirika mapema, na mjamzito hubeba hatari hiyo pamoja na mtoto aliye tumboni. Wanaopata dalili hizo watolewe nje haraka kwenye hewa safi, kisha wapelekwe hospitali.

Jiko la mkaa halina nafasi kabisa ndani ya chumba cha mashua, mfuniko uwe wazi au umefungwa. Gesi ya kupikia nayo ina tabia yake: ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka chini ya sakafu badala ya kupanda na kutoka juu. Kufungua mfuniko hakutoshi kuiondoa. Mtungi ufungwe kila baada ya kupika.

Kubwa zaidi ni suala la kutoka. Viwango vya kimataifa vya kinga dhidi ya moto kwenye mashua ndogo, ISO 9094, vinataka mlango wa dharura usio wa duara uwe na upana usiopungua milimita 380 na uwazi usiopungua mita za mraba 0.18, na ule wa duara uwe na kipenyo cha milimita 450. Vipimo hivyo viliwekwa ili mtu mzima aweze kupita. Mfuniko wenye ukubwa huo uliopigiwa skrubu hauna faida tena kama mlango.

La kufanya wakati fedha inatafutwa

Bamba likionekana kuwa na nyufa za ndani, kuna mambo ya kufanya siku hiyohiyo kabla ya kununua kitu chochote.

Eneo hilo lizungushiwe kamba au liwekewe alama ya rangi, na watoto waelezwe kwa lugha yao. "Mwanangu, hapa ni dirisha bovu, tunapita pembeni" inaeleweka kuliko karipio. Kwa usalama zaidi, kipande cha plaiwudi nene kinaweza kuwekwa juu, kikipumzika kwenye sitaha ngumu pande zote badala ya plastiki yenyewe, na kifungwe kwa kamba inayofunguka kutoka ndani. Kisipigiliwe.

Chumba kisichokuwa na njia ya pili ya kutokea kisilaliwe na watoto. Walale karibu na mlango mkuu mpaka kazi imalizike, hata kama watalalamika kwamba kitanda cha mbele ndicho chao.

Bamba gani linunuliwe

Kabla ya kununua mfuniko mzima, fremu iangaliwe kwanza. Ikiwa alumini haijaliwa na chumvi na bawaba ni nzima, kubadili bamba na raba pekee huwa nafuu kuliko mfuniko mpya. Jina la mtengenezaji, kama Lewmar, Goïot au Vetus, mara nyingi huwa kwenye fremu, kitasa au bawaba. Jina hilo pamoja na vipimo vya fremu husaidia kuagiza raba ya saizi kamili.

Upande wa plastiki, maswali mawili yatamwokoa mzazi na hasara: "Fundi, hii ni akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu au iliyosukumwa na mashine?" na "Unene wake ni sawa na la zamani?"

Akriliki ya kumiminwa huvumilia zaidi kutobolewa matundu na haipati nyufa upesi kama ile ya kusukumwa na mashine, ambayo huuzwa kwa bei ndogo kwa ajili ya mabango na mapambo. Unene nao usipunguzwe ili kuokoa fedha. Mifuniko mingi ina bamba la milimita 10 au 12, na bamba jembamba hupinda zaidi likikanyagwa. Zaidi ya hapo, kitasa na bawaba vilitengenezwa kwa unene ule wa mwanzo.

Wapo wanaoshauri polikaboneti kwa sababu haivunjiki kirahisi. Ni kweli kwamba huhimili kishindo kuliko akriliki. Lakini hukwaruzika upesi, hupinda zaidi hivyo huivuta gundi, na isipokuwa na tabaka la kuzuia mionzi ya jua hugeuka njano. Anayeichagua aichague ile yenye kinga ya jua, na ahakikishe upande wenye kinga unatazama juu.

Kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba kisitumike hata kwa muda.

Kazi yenyewe hatua kwa hatua

Msimu mzuri ni wa ukavu, kama Januari na Februari upepo wa kaskazi unapovuma na kabla masika hayajaanza. Gundi haishiki juu ya alumini yenye unyevu.

Mfuniko hutolewa kwa kuchomoa pini za bawaba, kisha kazi hufanyika nchi kavu juu ya meza. Shimo linalobaki kwenye sitaha lifunikwe mara moja kwa ubao imara, kwa sababu shimo wazi ni hatari kuliko bamba bovu.

Gundi ya zamani hukatwa kwa kisu chembamba kuzunguka bamba, taratibu, bila kulipiga nyundo. Bamba likitoka zima ndilo huwa kipimo cha jipya. Likitoka vipande, hupangwa juu ya boksi na kuchorwa. Matundu ya kitasa huhamishwa kwa usahihi, maana tundu lililokosewa kwa milimita tatu humfanya mtu anunue bamba la pili.

Bamba jipya hukatwa karatasi yake ya kinga ikiwa bado juu. Msumeno wenye meno madogo hutumika kwa mwendo wa wastani, kwa kuwa joto huyeyusha akriliki na kuifanya ishike meno. Kingo hupitishwa msasa mpaka ziwe laini, kwani kila mkwaruzo ulioachwa ukingoni ni mahali pa ufa kuanzia.

Hapa ndipo fundi aliyezoea majahazi anapaswa kubadili mazoea. Jahazi huzibwa kwa kalafati, pamba na mafuta, na mbao zikilowa huvimba na kubana. Plastiki haifuati sheria hiyo. Haibani kwa maji, ila hutanuka kwa joto. Bamba la akriliki lenye urefu wa nusu mita, likipata joto la nyuzi 40 zaidi, huongezeka kwa takriban milimita 1.4. Bamba la rangi ya moshi juani mchana hufikia tofauti hiyo bila shida.

Kwa sababu hiyo, bamba lisikatwe kujaa fremu yote. Liachiwe nafasi ya milimita chache kila upande, na nafasi hiyo ijazwe gundi inayovutika. Matundu ya kitasa na bawaba yawe mapana kidogo kuliko skrubu, na skrubu zisikazwe kwa nguvu zote. Gundi ngumu zinazokauka kama jiwe, zile za kuchanganya mirija miwili, hazifai hapa. Zitashika vizuri wiki ya kwanza, kisha zitaachia au kupasua bamba.

Gundi inayofaa ni silikoni isiyotoa harufu ya siki inapokauka, iliyoandikwa kwamba inafaa kwa plastiki na kwa jua. Ile yenye harufu ya siki, inayouzwa kwa ajili ya mabafu, inaweza kudhuru polikaboneti na kuozesha alumini. Gundi za poliyurethani ziko pia, lakini nyingi huhitaji dawa maalumu ya kupaka kwanza kwenye plastiki na kinga dhidi ya jua. Maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yafuatwe.

Bamba hulazwa juu ya gundi bila kukandamizwa hadi chini kabisa. Vipande vidogo vya raba vyenye unene sawa huwekwa kati yake na fremu ili gundi ibaki na unene wa milimita mbili au tatu. Gundi iliyobanwa ikawa nyembamba kama karatasi haina uwezo wa kuvutika.

Kisha kunakuja sehemu ngumu zaidi kwa familia yenye haraka, nayo ni kusubiri. Silikoni hii hukauka kutoka nje kuelekea ndani kwa msaada wa unyevu wa hewa. Juu inaweza kuonekana imekauka kwa saa chache huku ndani ikiwa bado laini. Mfuniko usisimamiwe kwa wiki moja hadi tatu, kulingana na maelekezo yaliyo kwenye tyubu. Baada ya hapo ndipo raba mpya huwekwa, mfuniko hurudishwa, na ndoo ya maji na chaki hutumika tena.

Watoto wakae mbali na kazi

Ni kawaida mtoto kutaka kumsaidia baba kazi, na katika kazi nyingine ni jambo la kupongezwa. Katika hii, asubiri hadi kufika kwenye kufunga skrubu za mwisho.

Kukata akriliki hutoa vumbi laini na vipande vinavyoruka kuelekea machoni. Kusaga faiba hutoa chembe zinazowasha ngozi na kuingia kifuani. Rangi za mashua za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, na WHO inaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili. Kwa mtoto mdogo, risasi huathiri ubongo unaokua. Rangi ya zamani isisagwe ikiwa kavu penye watoto, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.

Gundi za poliyurethani huwa na kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zinaweza kuamsha pumu kwa mtu anayezivuta. Mwenye pumu asiipake yeye. Barakoa yenye kichujio cha vumbi humkinga fundi na vumbi tu, haizuii mvuke wa gundi wala tina, kwa hiyo kazi ifanyike nje penye upepo. Miwani ya kukinga macho na glavu si mapambo.

Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na fundi anawe na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Mabaki ya bamba la zamani yafungwe kwenye gunia na kutupwa mahali salama. Yakiachwa ufukweni yatakata miguu ya watoto wa watu wengine.

Baada ya bamba jipya

Bamba jipya lisigeuzwe uwanja wa michezo. Kanuni rahisi kwa watoto ni kukanyaga pembeni, kwenye fremu au sitaha, na kutoruka juu ya mfuniko wowote. Akriliki ikilowa huteleza, hivyo vipande vya tepu yenye mchanga, vilivyotengenezwa kwa matumizi ya plastiki, hubandikwa juu yake vikiacha nafasi ya mwanga.

Turubai dogo la kitambaa juu ya mfuniko wakati mashua imefungwa nanga hupunguza jua na kurefusha maisha ya bamba kuliko polishi yoyote. Kwa usiku wa kulala mfuniko ukiwa wazi, wavu wa mbu ukatwe kwa saizi ya fremu ya ndani na uwekwe ili uondoke kwa mvuto mmoja. Malaria haibagui waliolala majini karibu na mikoko, lakini wavu usigeuke kizuizi cha kutokea.

Halafu kuna zoezi. Mara moja kila msimu, familia ikae chumbani, taa izimwe, na kila mtoto mwenye umri wa kuweza afungue mfuniko mwenyewe na kupanda nje huku mzazi mmoja akimsubiri juu. Wakati huo na wakati wote wanapokuwa sitahani, watoto wavae jaketi la kuokolea linalowatosha. Kwa mujibu wa WHO, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Anayekodi mashua kwa siku moja naye ana haki ya kuuliza. Kabla ya kulipa, aombe kuona mfuniko wa mbele ukifunguliwa kutoka ndani. Nahodha mzuri hatakasirika. Mwenye mfuniko uliozibwa kwa tepu atakuwa amejibu hata kabla ya kusema.

Hata familia isiyo na mashua ina la kuchunguza. Mabati ya plastiki ya kupitisha mwanga, yaliyowekwa juu ya jikoni, stoo au banda, huchoka kwa jua lilelile. Mtoto anayepanda kuchukua mpira hukanyaga bati la plastiki akidhani ni sawa na bati la chuma. Aelezwe tofauti hiyo mapema, na ngazi isiachwe imeegemezwa ukutani.

Fundi akimaliza kazi kwenye mashua, mzazi achukue kalamu ya wino usiofutika na kuandika kwenye fremu, upande wa ndani, mwezi na mwaka bamba lilipowekwa, unene wake na aina ya gundi iliyotumika. Mashua huuzwa, mabaharia hubadilika na watoto hukua. Atakayelala chini ya mfuniko huo miaka 12 ijayo atajua kwamba muda wa kuuchunguza kwa makini umefika.